Ile "Hurricane" ya Moyale: sikieni kutoka kwangu

Najua dereva wetu ameshawasimulia safari yangu ya kutafuta mabaki ya ndege, eti nililia, na ameongeza chumvi. Sikulia. Ni vumbi.

Mnaujua ugonjwa wangu: ndege za kivita zilizoanguka mpakani na Ethiopia mwaka 1940. Italia, iliyokuwa imeikalia Ethiopia, iliingia vitani Juni 10. Siku tatu baadaye ndege zake aina ya Caproni zikaipiga Wajir mabomu. Upande wetu wa Kenya waliletwa marubani wa Afrika Kusini na ndege zao, Hawker Fury na Hurricane chache. Miguu ya Fury haikunjwi, ya Hurricane hukunjwa. Shikeni hapo.

Nje ya Moyale nikampata mzee mmoja. Nikafungua daftari.

"Mzee, zamani kuna ndege ilianguka huku?"

"Iko. Kubwa sana."

"Mbawa zipo?"

"Ziko, lakini hairuki. Inakimbia tu. Halafu ikaanguka."

Nikaandika: ajali wakati wa kupaa.

"Miguu?"

"Mbili."

"Inakunjwa?"

Akanitazama kwa huruma. "Ikilala, inakunja."

Jamani! Imetua kwa tumbo, magurudumu ndani! Pale pale nikatuma kwenye kundi: NIMEPATA HURRICANE. Kwa herufi kubwa, ndiyo, acheni kunikumbusha.

Tukatembea saa tatu kwenye mawe meusi. Mzee mbele na fimbo, mimi nyuma na kamera, futi ya kupimia na hotuba kichwani. Akasimama, akaelekeza fimbo chini ya mgunga.

Mbavu. Nyeupe, zimepinda vizuri, zimejipanga kama mbavu za bawa kwenye mchoro. Moyo ukanipasuka. Sikusogea. Nilivua kofia kwanza. Nikasema kwa sauti nzito kwamba hapa alilala kijana aliyetoka mbali, tumpe dakika moja ya kimya. Mzee naye akavua kofia yake, kwa adabu tu. Dereva akainamisha kichwa. (Mabega yalikuwa yanamtikisika. Nilidhani ni majonzi.)

Sekunde ya arobaini hivi, upepo ukavuma. Kwenye mwiba kulikuwa na kipande cheusi, nikajua ni turubai, maana nyuma Hurricane ilivishwa turubai. Nikanyoosha vidole viwili, polepole, nisije nikaichana.

Laini. Laini mno. Ina uti katikati.

Nikautazama unyoya. Nikatazama mbavu. Nikafuata uti wa mgongo hadi kwenye shingo, shingo ndefu isiyoisha, na mwisho wake kichwa kidogo chenye mdomo bapa, kikinitazama kwa matundu ya macho.

Mbuni.

"Nilikuambia hairuki," mzee akasema, akivaa kofia.

Kurudi sikumbuki. Ujumbe nilifuta, lakini watu walikuwa wameshaupiga picha, na sasa kundi zima linaniita Rubani.

Tulipofika kwake nikapata nguvu ya kumweleza kwamba nilitafuta ndege ya chuma, ya vita, ya wazungu.

"Aaa, ile!" akasema. "Ile walichukua watu wa skrepa."