Mgonjwa wa akili apimwe tezi, au tunamtia gharama bure?

Ukimwambia mtu wa Mwanza "mpeleke ndugu yako wa kliniki ya akili akapimwe tezi" anakushangaa, maana tezi anayoijua ni ile ya wazee wa kiume. Hapa naongelea ya shingoni, ile ikivimba watu wanaita rovu.

Wanaotaka kila mgonjwa apimwe wana hoja nzito. Tezi ikilegea mtu anapoa, analala tu, ananenepa, anasikia baridi Igoma saa saba mchana, nyie mnasema sonona. Ikizidisha kazi, mtu hapati usingizi, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, hasira za ghafla, na wachache wanafika hadi kusikia sauti, hapo mtaa mzima unasema karogwa. Halafu kuna dawa ya lithiamu, wanayopewa wenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, yenyewe inaweza kuilegeza tezi taratibu bila hata shingo kuvimba, ndo maana mtumiaji anatakiwa apimwe kabla hajaanza na kila miezi 6 hivi. Kwa huyo sina mjadala, hata kama anatoka Ukerewe na meli.

(Na msiniambie sisi walaji wa sato hatukosi madini joto, ambayo tezi inayahitaji ifanye kazi, samaki wa baharini ndo wanayo mengi, wa ziwani kidogo sana, kinachotusaidia ni chumvi iliyotiwa madini joto.)

Ila kupima kila mtu nako kuna shida, na sio hela tu. Mgonjwa akiletwa amechachamaa, kafungwa kamba kwenye bajaji, homoni zake za tezi zinaweza kupanda zenyewe siku chache halafu zikarudi, sasa ukimpima siku hiyo na kumwanzishia matibabu unatibu kitu ambacho hakipo. TSH, homoni ya kichwani inayoiamrisha tezi ifanye kazi, ikipanda kidogo na homoni ya tezi yenyewe iko sawa, mara nyingi kipimo kinarudiwa baada ya miezi 2 au 3 kwanza.

Kinachonitisha zaidi ni sisi ndugu. Tukisikia "ni tezi" tunashusha pumzi, aibu imeisha, kumbe hakuwa kichaa, na dawa za akili zinatupwa wiki hiyo hiyo. Wakati mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili, na hata lithiamu ikiharibu tezi mara nyingi anaongezewa kidonge cha tezi huku lithiamu inaendelea. Kwahiyo mimi nasema apimwe wa lithiamu, apimwe mwenye dalili, na anayetoa majibu asimwachie mama karatasi mkononi aende nayo Kirumba akaitafsiri na majirani, amwambie palepale dawa ipi inaendelea.