Harusi za Zusufu

Mimi kuchapa nilijifunza kwa taipureta, ile ya chuma, unapiga mpaka ncha za vidole zinakufa ganzi. Mwalimu alitufunika mikono kwa kitambaa tusitazame herufi, na aliyechungulia alikula rula ya kiganja. Kwa hivyo mpaka leo, na mvi zangu hizi, macho yangu huwa kwenye karatasi ya mteja. Kibodi siitazami. Kioo nacho sikitazami, nitakitazamia nini? Majengo nzima, hapa Mombasa, wanijua kwa hilo, watu husimama kwenye kibanda changu kunitazama nikichapa kama watazamao mtu akikaanga viazi karai bila mwiko.

Sifa hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Kompyuta yangu ya mezani ilikata roho ghafla, ikatoa moshi kidogo na harufu ya sufuria iliyosahaulika jikoni. Nilikuwa na shilingi 15,000 za akiba na kazi moja kubwa mbele yangu: kadi 300 za harusi ya Zainabu, binti wa Mzee Athumani, jirani yangu wa baraza moja. Mpwa wangu Salimu, ambaye asomea mambo hayo ya kompyuta, akaniambia, "Mjomba, usiende kununua peke yako. Ningoje Jumamosi, tutaenda sote."

Nikamwambia, "Wee, mimi nimenunua samaki kabla mamako hajaolewa. Ushawahi kusikia nimeuziwa aliyeoza?"

Basi nikaenda peke yangu, tena Jumatano, kusudi.

Duka liko ghorofani, nyuma ya Digo Road, kwenye ngazi nyembamba ambazo mkipishana wawili lazima mmoja avute tumbo ndani. Muuzaji kijana, kanzu safi, tabasamu la kumwaga. "Karibu bwana mkubwa! Wataka ya kazi ama ya kuchezea?" Nikasema ya kazi. Akanitolea laptopu moja ya ThinkPad, nyeusi, nzito, ina kinundu chekundu katikati ya herufi kama chunusi. "Hii T430. Core i5, bwana mkubwa! Imetoka ng'ambo moja kwa moja, ilikuwa ofisini kwenye kiyoyozi. Haijui joto hii."

Nikaikagua. Wallahi niliikagua. Niliipima uzito mkononi. Niliigonga mgongoni kama tikiti maji. Nilifungua na kufunga mara tatu nisikie bawaba zikilia, hazikulia. Nilibonyeza herufi kadhaa, zikaandika. Mwisho, na hili nalisema kwa sababu nimeshaaibika vya kutosha, niliinusa. Haikunuka.

Chaja ilikuwa imechomekwa muda wote. Kuna mahali nilipeleka mkono niichomoe, si kwa ujuzi, ila waya ulikuwa wanikwaruza mkono. Kijana akaudaka mkono wangu hewani, akautia kikombe cha kahawa chungu. "Kunywa kwanza, bwana mkubwa, hii biashara haina haraka." Kahawa ilikuwa na tangawizi, tena nzuri. Tukaanzia 18,000, nikashuka nayo mpaka 14,500, na hapo nikajiona mimi ndiye niliyemtapeli yeye. Niliteremka zile ngazi nikiona huruma kidogo.

Nyumbani nikaiweka mezani, nikaiwasha, nikaita watu waone. Ile kuchomoa chaja niisogeze karibu na dirisha, ikazimika. Si kwamba ilififia, au ilitoa onyo. Ilizimika kama taa. Nikachomeka, nikawasha, nikachomoa, ikazimika tena kabla sijavuta pumzi. Mke wangu akasema, "Hiyo si laptopu, hiyo ni pasi." Nikamwambia betri yahitaji kulala na chaja usiku mmoja, ndivyo zilivyo. Nilitoa wapi maneno hayo sijui.

Ikalala na chaja usiku mmoja. Asubuhi ikawa ni pasi iliyolala vizuri.

Lakini kazi ilikuwa yaningoja, na stima iko, kwa hivyo Alhamisi baada ya isha nikakaa nichape kadi. Nimefika nusu, mtaa mzima kiza. Ukisikia "Aaaah!" ya Majengo stima zikipotea, ni kama goli limekataliwa. Kadi yote ikaenda. Nikakaa kwenye joto nikijipepea kwa kifuniko cha sufuria, kwa muda wa saa mbili hivi. Kwa kuwa mikono haina kazi, nikachukua kitambaa chenye maji kidogo nikaanza kuipanguza laptopu. Stima ikarudi, nikaiwasha, na huku inaamka nikaendelea kupanguza, herufi zote, za juu na za chini, mpaka pembeni. Nataka mlikumbuke hili la kupanguza.

Kisha nikachapa. Saa sita usiku, nina hasira, naogopa stima isipotee tena, macho kwenye karatasi ya Mzee Athumani iliyoandikwa kwa mkono wa kutetemeka. Vidole vilikimbia kama farasi. Kuna nyakati jicho liliruka kwenye kioo, nikaona mistari myekundu chini ya kila neno, lakini hilo halikunishtua. Kwa kompyuta, Kiswahili chote ni kosa. Ukiandika "nyumba" yakupigia mstari. Nikahifadhi kwenye flashi, alfajiri nikampa mtoto wa jirani aipeleke kwa mwenye mashine ya kuchapishia, na kufika adhuhuri kadi 300 zilikuwa kwenye boksi, za dhahabu pembeni, zanukia. Shangazi zake Zainabu wakalidaka lile boksi. Mwajua shangazi wa Mombasa na kadi za harusi? Kufika magharibi, nyingine zilikuwa zimeshavuka Likoni na feri.

Mzee Athumani alikuja baada ya magharibi. Hakubisha hodi. Alinyoosha kadi tu, kimya, kama askari anyooshavyo karatasi ya faini. Nikaisoma.

"Kwa uweyo wa Mwenzeyi Mungu, wayayi wa Bi Yainabu wana furaha kukualika kwenze harusi za Zusufu na Yainabu. MahaliÖ nzumbani kwetu. ChakulaÖ pilau za ngäombe."

Nilisoma mara mbili. Ya pili nilisoma kwa sauti, nikidhani labda masikio yatanisaidia.

"Mimi," Mzee akasema polepole, "hiyo Yainabu naweza kusamehe. Hiyo ya Mwenyezi Mungu, yeye mwenyewe ni mwingi wa rehema. Lakini mamake mtoto yuko ndani analia. Auliza *harusi za* Yusufu ni ngapi. Auliza kama wewe wajua jambo, na umeamua kutwambia kwa kadi."

Nikafungua mdomo hakikutoka kitu. Kwani kweli, ukiisoma vile, bwana ana harusi kadhaa, na hii ya kwetu ni mojawapo. Baadaye nilisikia kwamba mjomba wa bibi harusi naye alizitazama zile nukta mbili juu ya Ö, akatangaza barazani kwamba familia ya bwana harusi kumbe asili yao Uturuki, aliziona herufi hizo kwenye televisheni. Wengine wakafurahi, wakasema ndiyo maana kijana mweupe.

Nikarudi kwenye laptopu kuona imekuwaje. Nikabonyeza Y. Ikaandika Z. Nikabonyeza Z, ikaandika Y. Mke wangu akasogea nyuma hatua mbili. Na hapo, kwa jasho la kidole gumba, ile Y ikabanduka. Ikanishika kidoleni, kijikaratasi cheusi kidogo chenye Y nyeupe, na mahali pake kwenye kibodi, chini, ikawa yanitazama Z.

"Ina jini," mke wangu akasema. "Ulileta kitu cha ng'ambo ukaingiza ndani bila hata bismillahi."

Sikucheka. Nilianza kubandua kwa ukucha. Chini ya alama ya nukta pacha kulikuwa na Ö. Chini ya ile koma ya juu, ya ng'ombe, kulikuwa na Ä. Pembeni, pale niliposhika siku zote nikijua ni Ctrl, kukawa na Strg. Nikamwambia mke wangu kama ni jini basi ni la Kijerumani.

Salimu akaja mbio. Alipoona kibodi na vile vijikaratasi vyeusi vilivyonijaa vidoleni kama mbegu za papai, alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Kisha akanyoosha kidole, akashika kile kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi, mara moja, tik. Akabonyeza Y. Ikaandika Y.

"Imepona?" nikamuuliza.

"Haikuwa mgonjwa, Mjomba. Ilikuwa yaandika Kijerumani. Wajerumani Z yao iko mahali petu pa Y, na Y iko mahali pa Z. Muuzaji ameweka lugha mbili humu, akabandika stika za Kiingereza juu. Ukishika Alt na Shift pamoja bila kujua, yahama lugha. Wewe uligusa nini?"

Mke wangu akanijibia. "Aliipanguza."

Sasa kijana alipoanza hakusimama. Aliiandikia amri moja, powercfg /batteryreport, ikatoa karatasi ndefu ya habari za betri, na humo imeandikwa betri ilizaliwa na nguvu kiasi gani na sasa yajaa kiasi gani. Ilikuwa imebaki na 3 kwa 100. "Hii ungeijua dukani kwa kuchomoa waya tu ukangoja dakika kumi," akasema. Nikamwambia kuhusu kahawa. Akatikisa kichwa.

"Lakini ni Core i5," nikajitetea.

"Mjomba, hilo ni jina la ubongo wa kompyuta. Kusema i5 ni kama kusema 'samaki'. Samaki gani? Wa lini? Tazama hapa, baada ya kistari: 3320M. Hiyo 3 ya mbele ndiyo umri wake. Kizazi cha tatu, wa mwaka 2012. Windows 11 hukubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Na hii Windows 10 uliyo nayo, viraka vyake vya kawaida vya usalama vilikoma tarehe 14 Oktoba 2025." Akanitazama kwa upole. "Wewe ulifanyaje kuikagua?"

Nilinyamaza. Ile ya kuinusa sikumwambia. Mke wangu akamwambia.

Kuna na mengine. Diski ilikuwa imefanya kazi saa 31,000, na Salimu akapiga hesabu: ni kama miaka mitatu na nusu bila kulala hata usingizi wa mchana. Alimulika tochi ya simu kwenye matundu ya USB, moja lina kutu ya kijani, akasema hiyo si ya Ulaya, hiyo ni chumvi ya hapa hapa, laptopu imeshakaa Mombasa na mtu kabla yangu. Kwa hivyo "haijui joto hii" nayo ilikuwa maneno. Akaizima, akaiwasha akibonyeza F1 aingie kwenye mipangilio ya ndani kabisa, kabla Windows haijaamka, ikadai nywila ambayo hatuna. "Mwenye kufuli alibaki huko huko," akasema. "Ukitaka kubadilisha kitu humu, ukabishe hodi Ujerumani."

Lakini nitasema haki: kibodi yenyewe ni tamu. Sijawahi kugusa herufi zinazorudi vile.

Jumamosi tukaenda sote dukani, kama alivyotaka tangu mwanzo. Kijana akanipokea kwa kahawa ile ile. Nikamweleza habari za Y na Z, kadi, mama wa watu kulia. Alisikiliza kwa huzuni kabisa, mkono kifuani. Kisha akasema, "Bwana mkubwa, nilikuuzia laptopu ya lugha mbili kwa bei ya moja, na bado wanilalamikia?"

Salimu hakucheka. Alifungua begi lake, akatoa ile ripoti ya betri aliyoichapisha, akaiweka juu ya meza mbele ya wateja wengine watatu, akaanza kuisoma kwa sauti kama khatibu. Kufika mstari wa nne tulikuwa tumeshapewa betri nyingine, nayo alikaa nayo pale pale dakika arubaini ikiwa imechomolewa, akicheza mchezo wa karata, huku kijana akitutazama na birika lake la kahawa limepoa.

Kadi za pili zilinigharimu 9,000 kutoka mfukoni mwangu. Zile nilizisoma mimi, akasoma mke wangu, akasoma Mzee Athumani na miwani, akasoma imamu. Harusi ikafanyika, moja, Alhamdulillahi. Pilau ilikuwa ya ng'ombe.

Siku yenyewe, nikipita nje ya nyumba ya bibi harusi, nilimkuta bi mkubwa mmoja amekaa barazani kwenye upepo, mtu mzima sana, ametoka Likoni. Alikuwa akijipepea kwa kadi yenye dhahabu pembeni. Nikaitambua. Ilikuwa ya boksi la kwanza. Nikamwamkia shikamoo, nikajaribu kupita upesi.

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo, wewe si ndiye mwenye kuchapa?" Akaikunjua kadi, akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha. "Na hizi harusi nyengine za huyu bwana ni lini? Niambie mapema, nishone madera."