Nikadhani ni Wimbo

Wiki jana nilipanda teksi ya Kampala hapa Busia (kwa ndugu zangu wa ng'ambo ya mpaka: teksi kwetu ndiyo matatu yenu). Nikapata siti ya nyuma kabisa, juu ya gurudumu. Spika mbili zilikuwa chini ya miguu yetu, besi inapiga mpaka maji yanatetemeka kwenye chupa. Jaja (yaani bibi) mmoja mwenye kuku kikapuni alikuwa ameziba sikio kwa leso.

Tulipoipita Iganga nikahisi kitu kinagonga chini. Ko, ko, ko. Nikadhani ni wimbo. Wimbo ukaisha, ukaingia mwingine wa taratibu, lakini ile ko-ko ikaendelea na mdundo wake uleule.

Nikapiga kelele. Aliyenisikia ni jirani yangu tu. Habari ikapita siti kwa siti hadi kwa konda, naye akamgusa dereva begani. Muziki ukapunguzwa. Dereva akatega sikio kidogo tu, uso ukambadilika. Gurudumu la nyuma lilikuwa limeshapoteza nati mbili, na zilizobaki unazizungusha kwa vidole.

Habari ile ilichukua kama nusu dakika kumfikia. Gari likienda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Piga hesabu: zaidi ya mita 650 za kutembelea nati zilizolegea.

Tukilalamikia muziki mkubwa garini huwa tunasema dereva hasikii honi. Ni kweli. Mle msituni Mabira, penye kona na miti, honi ya trela huisikia kabla ya kuliona. Lakini gari lenyewe pia husema: beringi ikifa hulia, pedi za breki zikiisha utasikia chuma kinakwaruza chuma. Na nyuma kuna abiria 14, macho 28 ya bure, ambao hata "mu maaso awo!" ya kushuka inabidi waipigie bati ndipo isikike.

Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu zaidi ya watu 5,000 waliokufa barabarani nchini, na kila mwaka lawama kubwa ni mwendo kasi na kuovateki ovyo. Sibishi. Ila sijui ni nani atakayekagua spika baada ya ajali, wakati gari limeshakuwa chapati.

Tena masikio huchoka. Dereva anayeshinda kwenye kelele kutwa nzima husikia kidogo zaidi jioni, kwa hiyo anaongeza sauti, na abiria wa jioni ndio wanaokiona cha moto.

Dereva wetu alichomoa nati moja moja kwenye magurudumu mengine, akaziba pengo, akarudi kwenye usukani, mkono moja kwa moja kwenye redio. Jaja akamkataza.

"Jaja, nimeamka saa tisa usiku. Bila muziki nitasinzia."

Nikataka kumwambia kwamba usingizi dawa yake ni kulala, na kwamba mtu hukoroma hata karibu na spika za harusi. Jaja akaniwahi.

"Basi nitakuongelesha mimi."

Akahamia mbele na kikapu chake. Tulipofika daraja la Jinja, dereva alikuwa ameshaulizwa ana watoto wangapi, mama yao ni nani, na kwa nini bado hajampelekea baba mkwe mbuzi.