Mirathi, Katiba na mtoto wa nje ya ndoa

Tangu Mahakama ya Juu ya Kenya iamue, Juni 2025, kwamba mtoto wa nje ya ndoa ana haki ya kumrithi baba yake Mwislamu, ukipita Eastleigh au Pumwani, mitaa ya Nairobi, utasikia kauli mbili tu: serikali imeingilia dini, au dini imeonea watoto. Zote mbili zina haraka.

Anayelalamika kwamba serikali imeingilia dini ana hoja nzito. Katiba ya 2010, kifungu cha 24, inakubali haki za usawa zipunguzwe pale sheria ya Kiislamu inapotumika mbele ya kadhi, katika ndoa, talaka na mirathi. Ahadi hiyo haikuanza juzi. Sultani wa Zanzibar alipoiachia Kenya ukanda wa pwani mwaka 1963, mahakama za kadhi zilikuwa sehemu ya makubaliano. Mwislamu akiuliza kwa nini ahadi ipunguzwe na majaji, si haki kumwita adui wa haki za binadamu.

Lakini kifungu hichohicho kinasema "kwa kiwango kinachohitajika tu", na hapo ndipo majaji walipokazia. Mtoto hakuchagua mlango wa kuzaliwa. Tena kifungu cha 170 kinampa kadhi mamlaka pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Kukubali huko, kwa mjane aliyezungukwa na mashemeji sebuleni, mimi nina shaka nako.

Linalosahauliwa ni kwamba fikihi yenyewe, yaani sheria ya dini kama wanavyoieleza wanazuoni, haina kauli moja. Wanazuoni wengi humnyima mtoto huyo nasaba ya baba, akabaki kumrithi mama. Ibn Taymiyya, mwanazuoni mkubwa wa zamani, aliona baba akimkiri, na mama hakuwa mke wa mtu, nasaba ithibiti. Na hata kwa msimamo wa wengi, baba anaweza kumwachia hadi thuluthi ya mali yake kwa wasia.

Tatizo ni wasioandika wasia, nao ni wengi. Misri, mwaka 1946, iliweka wasia wa lazima, yaani fungu linalotolewa hata kama marehemu hakuliandika, kwa wajukuu waliofiwa na mzazi kabla ya babu yao. Baraza la maulamaa la Indonesia, katika fatwa ya 2012, lilifungua mlango kama huo kwa mtoto wa nje ya ndoa. Makadhi wetu wangeanzia hapo, badala ya kuachia majaji wa Mahakama ya Juu kuwasomea fikihi.