Manowari za Anga na Kumbukumbu ya Panda Gari

Taksi ya kutoka Bombo ilikwama Kawempe, nami nilikuwa nimezama kitabuni. Jalada lake halina aibu: manowari ya anga inawaka moto, afisa mwanamke amesimama na bastola, sayari nyekundu imejaa nyuma yake. Pembeni pameandikwa kwamba hicho ni cha saba katika mfululizo. Mama aliyeketi ubavuni pangu, wa rika la mama yangu, alikuwa akilitazama jalada lile tangu Maganjo. Mwishowe akanisemesha kwa Kiswahili cha kambini, kile kisichohangaika na ngeli: "Mwanangu, vita bado haijakutosha tu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Barabara ile ile tuliyotoka nayo, ukiirudia kaskazini, inakufikisha Luweero, na mtu wa umri wake hahitaji kusimuliwa vita vya msituni vilivyopiganwa huko kati ya 1981 na 1986. Alishuka Bwaise kabla sijapata la kusema, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu kichwani.

Hadithi za namna hii, za wanajeshi wa kesho wanaopigana kati ya nyota, zinajulikana kwa mwendo wake. Sura ni fupi, na kila moja inakuacha na mguu mmoja hewani. Kikosi kinatua, mpango unaharibika, kamanda anauawa, koplo aliyekuwa akidharauliwa analazimika kuongoza. Kitabu kinaisha, vita havijaisha, kwa kuwa kuna kingine nyuma yake, na kingine tena. Wasomaji wake hapa kwetu si watu wa semina za fasihi. Nimemwona mlinzi wa usiku akisoma kwenye simu getini, mwanga ameushusha ili tajiri asione. Nimewaona vijana wa boda boda stejini wakigombania sura inayofuata. Na katika vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara Kampala, hukosi viwili vitatu vyenye roketi kwenye jalada.

Kwamba vingi vimeandikwa haraka haraka, nakubali na ninapita. Kuna wahusika wenye sifa moja na kovu moja, na mapenzi humalizwa kwa aya tatu. Anayetafuta ushairi ana pengine pa kwenda.

Hoja ya yule mama ni nzito kuliko hiyo, nami naiita hoja ya panda gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa serikali ya pili ya Obote hapa Uganda, wanajeshi walikuwa wakiuzingira mtaa alfajiri, wanawatoa watu nyumbani na kuwaamuru wapande malori. Wapo waliorudi na wapo ambao hawajarudi mpaka leo. Operesheni zile hazikupewa jina la Kiganda wala la Kiingereza. Watu waliziita kwa maneno yenyewe waliyokuwa wakiamriwa, panda gari. Kwa familia nyingi za Kampala, Kiswahili cha kwanza kuingia nyumbani hakikuwa "habari za asubuhi". Kilikuwa "lala chini", "toa pesa", "panda gari". Ndiyo maana lugha yetu, pamoja na kwamba imekuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, na pamoja na Baraza la Mawaziri kuamua Julai 2022 ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, bado kuna wazee ikiwafikia wanageuka kuangalia mlango. Sasa kijana analipa pesa yake apate burudani ya amri, magwanda na risasi. Mtu aliyewahi kulala chini kwa kuamriwa ana haki ya kuuliza, kulikoni?

Nimeikalia hoja hii muda mrefu, na kila nikiirudia naona inaelekeza upande ambao mwenye nayo hakuukusudia. Mtazame yule mwanajeshi wa panda gari. Hana jina. Hana afisa unayeweza kumwendea kesho yake. Risasi zake hakuna anayezihesabu, na lori likishaondoka hapabaki karatasi yoyote ya kuonyesha limekwenda wapi. Kinachomtisha raia ni bunduki, lakini zaidi ya bunduki ni kwamba aliyeishika hawajibiki kwa yeyote.

Mwanajeshi wa hadithi hizi ni kinyume chake karibu katika kila jambo. Ana namba, ana zamu, ana sajini anayemjua kwa jina na kwa udhaifu wake. Akipoteza chombo anasimama mbele ya jopo na kueleza dakika kwa dakika. Msomaji asiyezoea hushangaa ni kurasa ngapi zinatumika kwenye ripoti, mashauri ya kijeshi, hesabu ya mafuta na orodha ya waliojeruhiwa. Anadhani ni upungufu wa mwandishi. Kwa msomaji wa Bombo au Gulu hizo ndizo kurasa tamu. Jeshi ambalo kila risasi ina maelezo ni njozi kubwa kuliko injini ya kuupita mwanga, na mimi sioni aibu kukiri kwamba njozi hiyo ndiyo iliyonishika mimi.

Wanaozidharau hadithi hizi husema zimejaa mbio, na mbio zipo. Ila kitu kinachozifanya zikukabe koo ni kusubiri.

Mwanga unakwenda takribani kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna habari inayoweza kuupita. Kutoka Jua hadi hapa tulipo, ni dakika nane na ushei. Kutoka Duniani hadi Mshtarii, kutegemea sayari hizo mbili zimekaaje katika njia zake, ni kati ya dakika 33 na 54 hivi. Kutoka Jua hadi Neptuni, zaidi ya saa nne. Mwandishi mzembe huyapuuza haya, makamanda wake wakazungumza kama watu wawili wanaopigiana simu Ntinda na Nakawa. Mwandishi makini huyafanya kuwa moyo wa hadithi. Kamanda anaitazama meli ya adui kwenye kioo, lakini anachokiona ni mahali ilipokuwa saa nzima iliyopita. Anatoa amri kwa kikosi cha mbali. Amri itafika baada ya saa nzima. Jibu litarudi baada ya saa nyingine. Kikosi kile huenda kimeshakufa wakati yeye anachagua maneno ya kukitia moyo. Anaona taa zake zikiwaka vizuri, zote, katika safu iliyonyooka, naye anajua kwamba kuona kwake si ushahidi wa lolote. Kwa hiyo anasubiri, na wewe uliyekuwa ukikimbia na kitabu tangu jioni unasubiri naye, unasoma kuhusu baharia anayefuta meza ambayo tayari ni safi.

Sasa mchukue msomaji wa Uganda umweke hapo. Wanajeshi wetu wamekuwa Somalia tangu Machi 2007, na kuna watoto waliozaliwa, wakasoma, wakamaliza shule huku jeshi lingali kule. Tarehe 26 Mei 2023, Ijumaa alfajiri, al-Shabaab waliivamia kambi ya wanajeshi wetu huko Buulo Mareer. Habari ya shambulio ilitufikia siku hiyo hiyo. Idadi haikufika. Ilipita zaidi ya wiki, Juni imeshaingia, ndipo Rais Museveni akasema waliouawa ni 54. Katika siku zile za katikati, mke wa mwanajeshi aliye katika vyumba vya kambi hapa nyumbani alikuwa na nini mkononi? Ujumbe wa mwisho wa simu, wenye alama ya kuonyesha umesomwa. Picha aliyotumiwa Jumatano. Mumewe alikuwa anang'aa kwenye kioo cha simu, amevaa kofia upande, amecheka, na mwanga huo ulikuwa wa jana au wa juzi.

Siwezi kudai kwamba mlinzi wa getini anasoma kwa sababu hiyo. Ninachodai ni kwamba mwandishi aliyekaa Marekani akichora meli za kufikirika, kwa kufuata tu sheria za fizikia, amegusa kitu ambacho familia za wanajeshi wa hapa zimekijua bila darubini. Riwaya nyingi zinazosifiwa juu ya vita hutuonyesha kifo. Ni chache zinazoonyesha ile nafasi kati ya kifo na habari ya kifo, na zinazoionyesha kwa usahihi wa dakika zimo hapa, chini ya majalada haya mabaya ya rangi nyekundu.

Upande wa pili nao una silaha nisizoweza kuzipuuza. Ya kwanza ni adui. Katika vitabu vingi adui ni mdudu, au mashine, au kiumbe cha ute kisicho na mama wala kijiji. Ukizoea kumuua asiye na mama kwa vitabu ishirini, kuna kitu kinalegea ndani, na nchi yetu imeshaona watu wakigeuzwa wadudu kwanza kwa maneno. Hapa sina utetezi. Namsoma mwandishi anayempa adui sababu, na yule asiyempa namwachia rundoni.

Ya pili ni siasa. Starship Troopers ya Robert Heinlein, iliyotoka 1959 na ambayo wengi huihesabu kuwa shina la aina hii ya hadithi, inachora jamii ambamo haki ya kupiga kura ni ya wale tu waliomaliza kulitumikia taifa kwa hiari. Kwa msomaji wa mbali hilo ni zoezi la akili. Kwa msomaji wa nchi ambayo jeshi lina wabunge wake 10, na ambayo vizazi vya vijana vimepitishwa kwenye mchakamchaka, yale mafunzo ya siasa na ya kijeshi kwa raia, si zoezi hata kidogo. Mtu anaweza kuifunga riwaya hiyo akiwa amekwisha kuamini kwamba taifa zuri ni kambi iliyopanuliwa. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa niliifunga nikiamini hivyo, kwa muda wa kama wiki mbili.

Kilichonitoa huko hakikuwa mhadhara wa mtu mzima. Kilikuwa kitabu kingine kwenye rafu hiyo hiyo. Joe Haldeman alipigana Vietnam, akajeruhiwa, na 1974 akatoa The Forever War. Askari wake anasafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, hivyo kila akirudi kutoka vitani kwao imepita miaka mingi, hatimaye karne, mpaka watu anaowapigania hawaelewi tena lugha yake. Hakuna tamko la amani lililowahi kunigusa kama hesabu ile. Kwa hiyo anayesema hadithi hizi zinasifu vita amesoma nusu ya rafu. Ubishi juu ya vita unaendelea humo humo ndani, mara nyingi ukiongozwa na watu waliowahi kuvibeba begani.

Kuna pia wanaosema anga si mambo yetu, hizo ni ndoto za Wazungu. Hao niwakumbushe tu kwamba Novemba 2022 setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, ilirushwa kutoka Virginia, na wahandisi watatu Waganda ndio walioiunda huko Japani. Na kuhusu kuchezea vita, watu wa Wakaliga, mtaa wa mabanda hapa Kampala, walikwisha kuamua. Mwaka 2010 Isaac Nabwana alitengeneza humo filamu yake Who Killed Captain Alex?, bunduki zake zikiwa za vyuma chakavu na helikopta yake ikitoka kwenye kompyuta, na dunia nzima ikacheka pamoja naye. Aliyekulia Kampala ya miaka ile ya malori hakuhitaji ruhusa ya mtu kugeuza makomando kuwa kichekesho.

Linaloniuma ni kwamba sijakutana na mfululizo wa namna hii kwa Kiswahili, wakati lugha imeshapiga magoti kungoja. Manowari tunazo tangu zamani, ukizipeleka angani unaongeza neno moja. Kombania, doria, lindo, kuruti, luteni, afande: hakuna hata moja la kutafuta katika kamusi, na jeshi la Uganda linaamriwa kwa maneno hayo kila asubuhi. Ndiyo, ni maneno yale yale yaliyomfanya mama wa Kawempe alikazie macho jalada langu. Mtoto wa darasa la tano anayelazimishwa sasa kujifunza Kiswahili atakutana na "lala chini" mahali fulani. Ningependa akutane nalo kwanza likitoka kwa sajini anayejaribu kumwokoa mtu, karibu na mwezi wa Mshtarii, hewa ikiwa imebaki ya dakika arobaini.

Bombo kuna mzee, koplo mstaafu aliyewahi kuwa Mogadishu, ambaye jioni mimi humsimulia ninachosoma. Si mtu wa vitabu. Nilimweleza kitabu cha saba: kundi la meli limenaswa ndani ya eneo la adui, linarudi nyumbani kwa kupigana, nyota baada ya nyota. Alisikiliza huku akichambua maharage. Mizinga ya mwanga haikumshangaza. Nilipofika kwenye pigano kubwa akainua kichwa.

"Nani anawapikia?"

Nikasema sijui. Akaendelea na maharage yake, na nikaona nimempoteza. Nikarudi nyuma katika kurasa mpaka nikapata: akiba ya chakula imebaki ya siku kumi na moja, mkuu wa jikoni ameanza kupunguza vipimo bila kumwambia nahodha, na mabaharia wameshagundua. Nikamsomea mstari kwa mstari, nikitafsiri kadiri nilivyoweza.

"Hapo sawa, mwanangu," akasema. "Endelea."