Biyombo hakuwa nyota, na hapo ndipo ninapompendea

Msimu wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ukianza tu, hapa Lubumbashi hakosekani mtu wa kuuliza: "Huyu Biyombo wenu bado anacheza?" Swali huja na kicheko kidogo, hasa likitoka kwa shabiki wa Stephen Curry. Muulizaji amefungua simu, ameona dakika chache na pointi mbili, akafunga. Kwake habari imekwisha.

Kwangu ndiyo kwanza inaanza. Bismack Biyombo alizaliwa katika mji huu tarehe 28 Agosti 1992, kifungua mimba wa watoto saba. Aliingia NBA mwaka 2011, na mwaka 2025 bado alikuwa anavaa jezi ya ligi ile. Wastani wake wa muda wote huo ni kama pointi tano kwa mechi. Wangapi wa pointi kumi na tano wamepita pale misimu mitatu minne wakarudi makwao, yeye akabaki? Mtu hawekwi kazini miaka yote hiyo kwa kuhurumiwa, tena na Wamarekani.

Njia yake haikuwa ya lami. Akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, alikwenda kucheza Yemen. Si Ubelgiji, ambako kila ukoo wa hapa una mjomba wake, bali Yemen. Baadaye, katika mashindano ya vijana mjini Amman, Jordan, kocha Mreno Mário Palma alimwona na kumfungulia mlango wa Hispania. Huko Fuenlabrada, pembeni ya Madrid, alianza kucheza ligi kuu Januari 2011. Aprili mwaka huohuo akaitwa Portland kwenye Nike Hoop Summit, mechi ya vijana bora wa dunia dhidi ya vijana wa Marekani. Akatoka na pointi 12, ribaundi 11, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka, na kontre 10, yaani mashuti aliyoyazuia. Kabla yake hakuna aliyewahi kufikisha kumi katika mambo matatu kwenye mechi ile. Na tazama hilo la tatu: kontre kumi! Mara kumi wavulana walirusha mpira wakiamini umekwenda, mkono wa mtoto wa Katanga ukausomba.

Kisha minong'ono ya umri ikaanza, kwamba ni mkubwa kuliko asemavyo, kama kawaida kwa kijana wa Afrika anayetokea ghafla. Ni mzigo ambao watoto wetu wanabebeshwa kwa sababu nchi yetu haijui kuwaandikisha wanapozaliwa. Tuache hilo.

Kwenye drafti ya NBA, ambako timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, alichaguliwa wa 7, na usiku uleule haki zake zikatoka Sacramento kwenda Charlotte. Hapo alikuta balaa. Msimu wake wa kwanza timu ilishinda mechi 7 na kupoteza 59, asilimia ya ushindi mbaya kuliko zote katika historia ya ligi. Wachambuzi mpaka leo hawachoki kukumbusha kwamba Klay Thompson alichaguliwa wa 11, Kawhi Leonard wa 15, Jimmy Butler wa 30, wote nyuma ya Biyombo. Ni kweli, wale watatu ni wakubwa kuliko yeye, sibishani. Lakini yeye hakuchagua namba aliyopewa. Alikaa Charlotte miaka minne, na mwaka 2015 wakamwacha aondoke.

Akaenda Toronto kwa mshahara usiofika dola milioni 3 kwa mwaka, ambao kwa ligi ile ni wa mtu wa akiba. Kazi yake ilikuwa kumpumzisha Jonas Valančiūnas, pivo wa timu, yaani mrefu wa chini ya kikapu. Mwezi Mei 2016, katikati ya mechi za mtoano dhidi ya Miami, Valančiūnas akaumia kifundo cha mguu. Pivo wa akiba akawa pivo wa timu nzima. Mechi ya saba, ile ya kufa au kupona, alimaliza na pointi 17 na ribaundi 16. Ndipo wakaja Cleveland wa LeBron James, ambao katika mtoano wa mwaka ule walikuwa wameshinda mechi zote kumi. Mechi mbili za kwanza Toronto walipigwa vibaya.

Ya tatu ilichezwa Toronto tarehe 21 Mei. Huku kwetu ilikuwa saa nane na nusu za usiku, kuamkia Jumapili, na wenye umeme walikesha. Toronto 99, Cleveland 84. Biyombo: pointi 7, kontre 4, ribaundi 26, rekodi ya Toronto katika mtoano.

Mechi hiyo nimeirudia kuitazama, na nawaomba vijana nao waitazame, ila kwa sharti moja: wasifuate mpira, wamfuate yeye. Shuti likipaa, watu wote ukumbini wanainua macho. Yeye hainui. Anatafuta mwili kwanza. Anaukuta wa Tristan Thompson wa Cleveland, anaupa mgongo, anapanua miguu, anashusha makalio kama mtu anayetaka kukaa, anamsukuma polepole mpaka nje ya duara. Hapo ndipo anaangalia juu. Mpira ukigonga chuma, tayari nafasi ni yake, na ile mikono inayonyooka karibu mita 2 na sentimita 30 inamalizia tu. Akizuia shuti anatikisa kidole, ishara aliyoiazima kwa Dikembe Mutombo, pivo Mkongo aliyemtangulia NBA, na Mutombo mwenyewe aliiridhia. Lakini kidole ni sherehe. Kazi ilifanyika kiunoni, sekunde mbili kabla.

Sasa nenda kwenye kiwanja chochote cha shule hapa mjini jioni, Kampemba au Katuba. Saruji imepasuka, chuma cha kikapu kimeinama mbele, wavu ulishakatika zamani. Vijana kumi na tano wanasubiri zamu, nusu yao wamevaa sandali. Shuti likiruka, wote wanasimama na kutazama, halafu wanakimbilia mpira mahali ulipodondokea. Yule mrefu wao amewekwa chini ya kikapu kwa sababu ni mrefu, hakuna aliyemfundisha aweke mgongo wapi. Akikamata mpira, kelele ni moja: "Leta! Leta!" Anatoa, mwenzake anatupa kutoka mbali, ukiingia anabebwa mwenzake. Mrefu anarudi nyuma kukaba, peke yake. Baada ya miezi anachoka, anahamia mpira wa miguu au anaacha kabisa. Huyo ndiye aliyekuwa Biyombo wetu wa pili, na tumemfukuza kwa kutomshangilia.

Majira ya joto ya 2016 Orlando walimpa mkataba wa miaka minne, dola milioni 72. Hapa mjini watu waligeuza kwenye franga wakapata kizunguzungu. Wengine husema alibahatika tu, na sehemu moja wana haki: mwaka ule fedha za televisheni zilipandisha kikomo cha mishahara ya kila timu kutoka dola milioni 70 hadi 94, na timu zilikuwa zinatafuta pa kuzimwaga. Takwimu zake Orlando hazikupanda sana, na mwaka 2018 akarudishwa Charlotte. Mimi sioni aibu ndani yake. Shaba ikipanda bei London, hakuna anayemuuliza mwenye mgodi kama anastahili. Kwa nini tumuulize aliyeuza jasho lake siku soko lilipokuwa juu?

Mwaka 2021 baba yake, mzee François, aliugua na kufariki. Kifungua mimba alikuwa amemhangaikia kutoka hospitali moja hadi nyingine, mpaka kumtoa nje ya nchi. Akaacha mpira kwa miezi. Januari 2022 Phoenix wakamwita kwa mkataba wa siku kumi, kisha wakambakiza hadi mwisho wa msimu. Mshahara wote wa msimu ule, kama dola milioni 1.3, akautangaza kuwa ni wa kujenga hospitali Kongo kwa jina la baba yake, kwa ajili ya wale wasio na uwezo wa kumpandisha mgonjwa wao ndege. Wakubwa wetu husema mkubwa ni jalala. Hapo niliona maana yake.

Lakini hapo pia nashindwa kupiga makofi kwa mikono miwili. Mutombo alishajenga yake Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka 2007 kwa jina la mama yake. Sasa pivo wa pili anajenga kwa jina la baba. Malori ya shaba na kobalti yanapita hapa usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na hospitali tunazisubiri kutoka kwa watoto waliobahatika kuwa warefu. Ukimsifu Biyombo kwa hospitali, maliza sentensi: muulize pia aliyepaswa kuijenga kabla yake.

Februari 2025 San Antonio walimchukua, tena kwa kuanzia na siku kumi. Siku chache baadaye nyota wa timu hiyo, Victor Wembanyama, akakutwa na damu iliyoganda begani, msimu wake ukaishia hapo, na Biyombo, miaka 32, akajikuta anaanza mechi. Ni Toronto ileile: mkubwa kaumia, mtu wa akiba yuko tayari.

Najua vijana wengi sasa wanamtazama zaidi Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, bingwa na Golden State mwaka 2022 akiwa na miaka 19. Naye alichaguliwa wa 7, mwaka 2021, kama Emmanuel Mudiay wa Kinshasa mwaka 2015. Wakongo watatu, namba ileile. Wapenda ishara wajifurahishe. Kuminga anaruka, anadunda, anafunga, na nani asiyetaka kuruka? Ila kuruka vile ni majaliwa. Kuweka mgongo kunafundishika, hata kwenye saruji iliyopasuka, hata bila wavu.

Na sasa Yemen si lazima tena. Mwaka 2022 klabu ya hapahapa Lubumbashi, Espoir Fukash, ilicheza ligi ya Afrika, BAL. Ngazi ipo karibu zaidi kuliko alivyoikuta Biyombo. Kwa hiyo ombi langu kwa makocha wetu wa mitaani ni dogo. Karatasi ya mechi ina nafasi ya pointi na makosa tu. Muweke mtoto mmoja pembeni, hasa yule aliyeumia na hawezi kucheza, mpeni daftari na kalamu ahesabu ribaundi za kila mchezaji. Mechi ikiisha, zisomwe kwa sauti kabla ya pointi.