Ulivuta bangi shuleni na unataka kurusha ndege ya jeshi? Mwambie daktari

Jeshi letu la Uganda likitangaza tu nafasi za kadeti, yani wanafunzi wa uofisa, vijana wanaanza kunitumia meseji, na kuna swali moja ambalo halikosi: "Anko, mimi nilikuwaga navuta bangi kidogo shuleni, sasa kwa medikali niseme ama ninyamaze?" Na mara nyingi kabla sijajibu mtaa ushamjibu. Nyamaza, kunywa maji mengi, kunywa maziwa, kaa mwezi bila kugusa, mkojo utatoka safi. Ushauri huo naupinga kabisa, kwa sababu unaanza na wazo baya kwamba kikombe cha mkojo ndio medikali yenyewe.

Mkojo unaeleza siku za karibuni tu. Cocaine kwa kawaida inapotea ndani ya siku chache, bangi inajificha kwenye mafuta ya mwili na mtu aliyekuwa anavuta kila siku anaweza kuonekana ata mwezi mzima baada ya kuacha, sasa hapo maziwa yatasaidia nini? Alafu daktari wa marubani hatafuti wiki iliyopita peke yake. Anataka kujua ulianza lini, ulivuta mara ngapi, ulijaribu kuacha ikashindikana ama uliacha tu siku moja basi, ulishawahi kusikia sauti ambazo wenzako hawasikii, ulishawahi kulazwa. Hayo ndio yanaamua.

Tuangalie kwanza upande wa raia maana kanuni zake ziko wazi kwa kila mtu. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, linasema anayeomba cheti cha afya cha rubani asiwe na historia iliyothibitishwa ya ugonjwa wa akili au wa tabia uliotokana na vilevi, na uraibu umo humo ndani, wa pombe ama wa kitu kingine chochote. Soma hapo polepole. Kinachozungumzwa ni ugonjwa, ni uraibu. Kijana aliyepuliza mara mbili nyuma ya bweni akiwa S4, yani kidato cha nne, na aliyelazwa Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili, kwa sababu ya bangi hawako kwenye mstari mmoja, na daktari anajua hivyo. Majeshi nayo kila moja lina masharti yake na kwa kawaida ni makali zaidi ya hayo ya raia, lakini swali la msingi linabaki lile lile, je hicho kitu kimekuachia nini mwilini na kichwani.

Na ukali una sababu yake jamani. Ndege za kivita za Su-30 ambazo Uganda ilianza kupokea mwaka 2011 zinaweza kukata kona kwa nguvu ya G tisa, yani mwili wako unakuwa mzito mara tisa, damu inakimbia kichwani kwenda miguuni na wewe unatakiwa uendelee kufikiri na kuamua. Moyo uliochoshwa na cocaine ama na vidonge vya kukesha hautakusubiri ufike chini. Mwaka 1985 watafiti wa Stanford, Marekani, waliwapa marubani kumi sigara moja moja ya bangi kisha wakawapima kwenye simyuleta, mashine ya kuigiza kurusha ndege, na baada ya saa 24 bado walikuwa wanakosea kutua sawasawa, na wengine wao hawakuhisi kabisa kwamba wana shida yoyote. Hapo ndipo mimi naogopa, mtu anaapa yuko sawa na hayuko sawa.

Kuna pia ile ajali ya Mei 1981 kwenye meli ya Marekani ya kubeba ndege za kivita, Nimitz. Ndege ilikuwa inatua usiku, ikagonga zingine kwenye sitaha, watu 14 wakafa. Baadhi ya waliokufa wakipimwa wakakutwa na dalili za bangi, na hiyo ndio ikasukuma jeshi la maji lao kupima mkojo kwa nguvu sana. Lakini kitu ambacho watu hawasimulii ni kwamba rubani mwenyewe alikutwa na dawa ya mafua kwenye damu, kwa kiasi kilichozidi sana dozi ya kawaida. Dawa ya mafua tu, ya duka! Ndio maana daktari wa ndege anahitaji kuambiwa kila kitu, ata kile wewe unaona ni kidogo.

Sasa na wakubwa wa jeshi niwaambie. Kama kila anayesema ukweli anarudishwa getini hapo hapo, basi mnabaki na makundi mawili, wale ambao hawajagusa kabisa na wale wanaojua kudanganya, na hamna njia ya kuwatofautisha, na mdanganyifu ndio mnampa ndege yenye makombora. Mimi naona hiyo ni hatari kuliko bangi ya S4. Tangazo la kadeti liseme wazi nini kinakufunga moja kwa moja, nini kinaangaliwa, na baada ya muda gani. Wamarekani, ambao hawachezi na mambo ya madawa, jeshi lao la anga mwaka 2017 liliacha kumfungia mtu kwa sababu tu alishawahi kuvuta bangi kabla ya kujiunga, na 2022 wakaanza kuwapa baadhi ya waliokutwa na bangi kwenye kipimo cha kwanza nafasi ya kurudia baada ya siku 90. Ukishaingia ukavuta, hapo ni habari nyingine kabisa. Na marubani wao wa raia wana mpango tangu miaka ya 1970 wa kuwatibu walevi na kuwarudisha kazini chini ya uangalizi mkali, na watu wanarudi kurusha.

Hapa kwetu kuna vijana walisikia Mahakama ya Katiba imefuta sheria ya madawa ya kulevya mwaka 2023 wakadhani bangi imeruhusiwa. Ilifutwa kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, yani wabunge waliokuwepo hawakutosha, Bunge likaipitisha upya, na mairungi (miraa) iko ndani pia.

Mairungi ndio watu wanasahau kabisa kutaja. Dereva wa lori anatafuna usiku kucha, kijana anatafuna akisomea mtihani, wanaiona kama chai, kumbe inapandisha presha na mapigo ya moyo na ikiisha nguvu usingizi unakuangusha. Na waragi, ile pombe kali! Zile za pakiti zilipigwa marufuku 2019 lakini aliyezinywa tangu S2 bado anakaa mbele ya daktari anasema "sijawahi kutumia kilevi chochote". Kwa hiyo wewe unayeniuliza, kabla ya siku ya medikali kaa chini uandike yote, bangi, mairungi, waragi, shisha, dawa za kulala, mwaka ulioanza na mwaka ulioacha, na kama ulitibiwa mahali chukua karatasi za hospitali uende nazo.